Maziwa ya Mgeni

Mjukuu wangu Nyemo,

Mbukwenyi. Mimi mzima. Shangazi yako amehamia kwa mumewe Kondoa, kwa hiyo hapa nyumbani Nzuguni nimebaki na ndama tu wa kuongea naye Kigogo.

Umeuliza ukoo wetu utakusaidia nini huko Tanga.

Wakati wa Mjerumani nilichukuliwa kubeba mizigo, nikakulia pwani. Niliporudi, mtu mzima, nilipiga hodi kwenye tembe moja karibu na Kongwa. Mama mwenye nyumba akaniuliza, kama ilivyo desturi yetu, ukoo wangu una mwiko gani. Sikujua. Nikamjibu kwa Kiswahili kuwa mimi ni mtu wa boma la serikali. Akanipa maziwa. Nilipoaga, akasema, "Umekunywa maziwa ya mgeni. Ungejua kwenu, labda ungekunywa ya mwanangu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ndugu yetu.

Baadaye niliambiwa: sisi hatuli moyo wa mnyama. Safari ya wazee wetu, tangu walikotoka hadi hapa, nimekuandikia kwa Kigogo nyuma ya karatasi hii. Isome kwa sauti, hata kama hakuna wa kukuitikia. Mimi humsomea ndama kila jioni.

Babu yako