Jina la Mwisho kwenye Orodha ya Wafu

Kijiji cha Svay Kraom, Battambang
Siku ya kumi na tatu ya Pchum Ben, 1994

Kwako unayejiita Kaka Samoeun,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ufaransa, na kwamba ile baridi uliyoilalamikia imekupa nafasi ya kupumua. Huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti lakini ngazi ya nyumba anaipanda mwenyewe, na ukimshika mkono anakufokea. Mpunga umechanua vizuri. Mume wangu, Chhorn, anakusalimu, ingawa anasema hajui hasa anamsalimu nani.

Unisamehe kwa hilo neno “unayejiita.” Uliandika kwa Mama, na Mama hajui kusoma, kwa hiyo aliyeisoma barua yako ni mimi, mara moja kwa sauti na mara kumi kimya. Unasema wale watawala wa njaa na mauaji walipokuchukua mwaka ule wa sabini na saba ulitoroka njiani ukavuka mpaka hadi Thailand. Unasema utakuja mwezi wa nne, kwenye Mwaka Mpya wetu, ukae nasi. Mama ameshaanza kukusukia mkeka. Mimi nimekuwa nikiichunguza picha yako. Naona mtu mnene mwenye tai, amesimama karibu na gari ambalo huenda ni lake na huenda si lake. Mama aliinusa picha kama anavyonusa mashavu ya wanangu, akasema sikio lile ni lako. Nililitazama. Ni sikio tu, kila mtu analo.

Shangazi Voeun, dada yake Baba, alisikia habari akaja mbio. Akaniambia, “We Phally, fumbua macho! Hao wa ng'ambo wanajua kulia kuliko waliofiwa.” Akanikumbusha yule “mpwa” aliyetokea kijiji cha pili, akalia mpaka akazimia, akala kuku wa watu wiki mbili, kisha akaondoka na hati ya shamba la bibi wa watu. Mama akamjibu kwamba mwanawe akitaka shamba atapewa, na akitaka kuku Shangazi ndiye atakayemkamata. Tulicheka, lakini mimi sikucheka sana.

Maana hebu tazama ulichoandika. Unaukumbuka mti wa mvumo nyuma ya nyumba. Mkoa huu nani hana mvumo nyuma ya nyumba? Unakumbuka supu ya Mama ya samaki na ukwaju. Unakumbuka Baba akiimba nyuma ya ng'ombe. Mambo hayo angeweza kuyaandika mtu yeyote aliyezaliwa upande huu wa lile ziwa kubwa. Nilimwambia Mama hivyo, akaniuliza kwa nini sifurahi.

Sasa nikueleze kilichotokea siku ya nne ya sikukuu hii ya kuwalisha wafu, maana Mama ameniagiza nikuulize jambo kuhusu siku hiyo.

Unajua kila familia hupeleka hekaluni karatasi ya majina ya wafu wake, yasomwe, walioitwa waje wale. Jina lisiposomwa, mwenyewe huzunguka mahekalu saba akitafuta watu wake, na asipowaona huondoka na njaa na kuwalaani. Orodha yetu huwa naiandika mimi. Mama hunitajia Baba, babu na bibi wa pande zote mbili, na yule mtoto aliyefia tumboni. Hapo huishia. Wewe hajawahi kukutaja hata mwaka mmoja.

Mimi nilikuwa nakutaja. Tangu nilipojua kuandika, miaka kumi na miwili sasa, Mama akigeuka kufunga ansom, ile mikate ya wali, kwenye majani ya mgomba, naongeza jina lako chini kabisa. Mzee wa hekalu huwa anasoma kwa sauti ya mbu, na kwa kelele za watoto na masufuria Mama hakuwahi kusikia. Mwaka huu barua yako ilikuwa imeshafika. Niliandika vilevile. Nilijiambia hujathibitika bado.

Basi watu wa Phnom Penh wamelizawadia hekalu kipaza sauti. Jina lako likasikika mpaka ng'ambo ya mto. Mama akasimama na sinia lake kichwani, akapiga kelele: “Futa hilo! Mwanangu hajafa, yuko Ufaransa, amevaa tai!” Wanawake wakaangua kicheko, halafu wakamwona uso wakanyamaza. Mzee akafuta jina kwa kalamu mbele ya watu wote. Mama aliniuliza ni mwandiko wa nani. Nikasema huenda karatasi zilichanganyika. Tangu siku hiyo hataki kula wali nilioupika. Anaogopa kwamba kumlisha mtu hai pamoja na wafu kunampunguzia siku zake, na anauliza: Alhamisi ile uliumwa? Tafadhali mjibu hilo kwanza.

Sasa naandika ya kwangu, si ya Mama. Nilipomsomea barua yako niliruka mstari mmoja, ule wa chini kabisa. “Kama Phally yuko hai, mwambieni sijasahau hindi.”

Kwa hiyo nakujua, Kaka. Nilikujua tangu siku ya kwanza. Hayo ya sikio, gari na hati ya shamba niliyang'ang'ania kwa sababu nilitaka uwe tapeli.

Ulinipa nusu ya hindi la kuchoma nyuma ya jiko la ushirika, enzi zile chakula chote kilikuwa cha ushirika na aliyechukua hata punje aliuawa. Nilikuwa na miaka minane. Kiongozi alitukusanya watoto akauliza nani ameiba, na mbele yake palikuwa na bakuli la wali mkavu, wali wa kweli. Hakunipiga. Hakunitisha hata kidogo. Nilikutaja, nikapewa bakuli, nikala mpaka punje ya mwisho huku wakikufunga mikono. Mama anaamini ni bibi Yem, jirani yetu, aliyekusaliti. Hakumsamehe hadi bibi wa watu akafa, nami nilikuwepo, sikufungua mdomo.

Ndiyo maana nilikuandika kila mwaka. Ukiwa mfu niliweza kukupa wali.

Nimeusoma mstari wako hadi karatasi imelainika, na bado sijui umeandika kwa kunipenda au kwa kunionya. Keshokutwa ni siku kuu yenyewe. Nitamweleza Mama kabla hatujapeleka sinia, maana mkeka wako umebaki shubiri mbili tu kukamilika, na sitaki ukalie mkeka huo huku mimi na wewe tukijua na yeye hajui.

Njoo mwezi wa nne, Kaka, hata kama unakuja kunidai kwa ajili ya lile hindi tu.

Chhorn na watoto wanakuamkia. Mama anakuagiza uvae nguo nzito.

Ni mimi mdogo wako, niliyekutaja,
Phally