Nguzo ya Nne, Upande wa Wanawake

Fukuoka, 4 Machi 1978

Baba, shikamoo.

Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima. Mwambie Mama viazi vyake vya kukausha vimefika, na wenzangu ofisini wamevimaliza kabla sijavionja vizuri.

Nina habari. Serikali inataka kuiandikisha parokia yetu ya Tsubakiura kuwa urithi wa taifa: kanisa, nyumba ya padri ya matofali, na ile shule ya masista iliyofungwa. Kazi ya kupima na kuandika historia nimepewa mimi, niliyekuwa nikifukuzwa humo kwa kuingia na viatu. Kuna jambo moja tu. Kwenye picha, nguzo ya nne upande wa wanawake ina rangi tofauti na nyingine. Najua wewe na Mzee Tokugoro mlilitengeneza kanisa baada ya kimbunga cha mwaka 1951. Ilikuwaje?

Mwanao, Sumino


Tsubakiura, 15 Machi

Binti yangu,

Huku tunaendelea. Magoti ni yale yale. Padri mpya anapiga kengele utadhani anafukuza kunguru.

Hilo la kanisa mwachie mtu mwingine. Mtoto hapimi kazi ya baba yake, watu watasema umependelea. Nguzo ilivunjika, tukaweka nyingine, basi. Mzee Tokugoro alikuwa Mbudha, hata Baba Yetu hakuijua, lakini makanisa saba ya visiwa hivi ni kazi ya mikono yake. Andika habari zake, zinatosha. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake tu.

Baba yako


Fukuoka, 2 Aprili

Baba, shikamoo. Nakuulizia afya, ingawa nimekasirika.

Mama ameniandikia kivyake. Anasema tangu barua yangu ifike huli ukashiba, na unalizunguka kanisa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anasema kwenye Misa unakaa mlangoni. Nikakumbuka kwamba maisha yangu yote umekaa mlangoni.

Nilisomea ujenzi kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuusoma mti kabla ya kuugusa. Leo nimepata kazi yangu ya kwanza kubwa, na wewe unanifungia njia. Imeniuma, Baba. Mimi na wenzangu wa ofisini tunafika huko tarehe 17, utake usitake.

Mwanao, Sumino


Sasebo, 16 Aprili

Sumino,

Usinitafute nyumbani. Niko kwa shangazi yako, mzima wa mwili, na ananicheka kwamba mzee mzima nimetoroka kama mtoro wa shule.

Utaiona tu, maana nilikufundisha mwenyewe. Nguzo ile imesimama kichwa chini, upande wa mizizi uko juu. Mti husimamishwa kama ulivyoota, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua, na nguzo iliyopinduliwa huita msiba. Siku tuliyoisimamisha, mama yako alishikwa na uchungu wa kaka yako asubuhi, nami nikaharakisha ili niwahi nyumbani. Mikaeli aliishi siku tisa.

Najua Mkristo haamini mambo haya. Mimi nimeyaamini miaka ishirini na saba. Sikumwambia mama yako, wala Mzee Tokugoro, na hata kitubioni nilishindwa kulitamka. Nilimuua mwanangu kwa haraka yangu. Ukiandika, parokia nzima itajua. Kama unaweza, mwanangu, ipite kama hujaiona.

Baba yako


Tsubakiura, 24 Aprili

Baba yangu, shikamoo. Natumaini umepata usingizi huko.

Nimeishika nguzo. Ni kweli, imepinduliwa, vifundo vyote vinainama chini. Kisha nikapanda juu ya dari kupima paa. Wewe hukuwahi kupanda tena, sivyo? Kwenye boriti ya juu kabisa umepigiliwa ubao wa mwaka 1951, ulioandikwa kwa mkono wa Mzee Tokugoro. Nakunakilia:

"Nguzo ya nne, upande wa wanawake, nimeipindua mimi, Tokugoro, kwa kusudi. Jengo likikamilika huanza kuanguka. Hili lisikamilike."

Nimekaa humo vumbini nikalia. Mafundi wa zamani waliacha kasoro moja makusudi ili jengo lidumu. Aliona, Baba, akalichukua kosa lako na kuliandikia jina lake.

Nilimuuliza Mama habari za Mikaeli, bila kutaja nguzo. Anasema alikuja miezi miwili kabla ya wakati, na mkunga alijua tangu saa ya kwanza. Wewe mwenyewe umesema uchungu ulianza asubuhi. Nguzo ilikuwa bado imelala chini.

Sasa taarifa inanisubiri. Naweza kuyaacha maneno ya Mzee yalivyo, na hakuna atakayejua lolote. Amua wewe.

Mwanao, Sumino


Sasebo, 30 Aprili

Mwanangu Sumino,

Shangazi yako anakusalimu. Ameificha barua yako, anasema nitaichakaza kwa kuisoma.

Nilikuwa na Mzee Tokugoro siku aliyofariki. Nilingoja aniage. Aliniuliza tu kama patasi zangu zina makali.

Andika hivi, kwa jina langu kamili: nguzo ya nne iliwekwa kichwa chini na Iwamura Zen'ichi, kwa kosa. Chini yake weka maneno ya Mzee yote, usipunguze hata moja. Amenibebea vya kutosha.

Kuhusu mkunga, nimelia mbele ya dada yangu, na hakunicheka.

Narudi Jumamosi kwa meli ya asubuhi. Jumapili nitakaa mbele, upande wetu wanaume, mkabala na ile nguzo. Mwambie mama yako anipokee bandarini, peke yake. Nina la kumwambia kabla hatujafika nyumbani.

Baba yako