Kipande Cheusi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mgongo unaendeleaje na hiyo sakafu ya mahabusu? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, na mkeo anadai barua ndefu kuliko ile ya mistari minne, kana kwamba wino wanakupimia kwa kijiko.

Najua unachosubiri, kwa hiyo sizunguki. Mgomo umekwisha.

Jumatatu mwenye kiwanda alimtuma karani wake getini. Alisema ule mlango wa nyuma hautapigwa tena kufuli tukiwa ndani tunashona, na sote tutarudishwa kazini, isipokuwa wewe uliyetuongoza. Hata ukiachiwa, usikanyage pale. Jamani, nilitamani kumrushia kiatu!

Tulikutana ukumbini, tukafuata utaratibu uliotuachia: hakuna kusema mara mbili kabla kila mtu hajapata nafasi. Mama Sauti nusura apasuke kwa kungoja zamu. Alipoipata alisema kukuacha wewe ni kukuuza. Mpiga pasi akajibu, macho chini, kwamba kila asubuhi getini tunapungua, na wiki ijayo hatakuwepo hata wa kupiga kura. Wakazomeana mpaka koo zikakauka. Wengine walitaka tunyooshe mikono. Nilikataa, nikawakumbusha ulivyosema, kwamba hata mwoga ana haki ya kura yake.

Basi kila mmoja akapewa vipande viwili vya kitambaa, cheusi cha kuendelea na mgomo, cheupe cha kurudi kazini. Unatumbukiza kimoja kwenye debe, kingine unaondoka nacho mfukoni. Mpiga pasi alihesabu kwa sauti mbele ya wote. Vyeusi arobaini. Vyeupe arobaini na kimoja. Mama Sauti alilia, kisha akawa wa kwanza kutia sahihi matokeo.

Tangu hapo watu wananipa pole. Mkeo alinikumbatia, akasema angalau dada mtu hakumtupa kaka yake. Chakula alichonipakulia nikawagawia watoto wako.

Jana tumerudi. Mlango wa nyuma uko wazi, upepo unafika mpaka kwenye cherehani yako. Hakuna aliyeikalia.

Mama anakusalimu sana, na watoto wako pia. Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande changu, kile nilichoondoka nacho mfukoni. Ni cheusi, Kaka; debeni nilitumbukiza cheupe. Niliona tukiendelea tutakukosa wewe na mlango pia. Ukinikasirikia, una haki.

Mkeo usimwandikie habari hii. Nitamwambia mwenyewe Jumapili, nikiweza kumtazama.

Ni mimi,
Dada yako