Firigisi Niliila Mimi

Mtoni, nje ya Eldoret
Jumatano asubuhi

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa heshima zote, hata zile ambazo umeambiwa sina. Goti lako linaendeleaje tangu baridi ianze? Mama bado anakulazimisha kulikanda kwa maji moto? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawazungusha? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio kila asubuhi, lakini nakula vizuri, na kama utakavyosoma, huenda nimekula vizuri kupita kiasi.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka niwe nyumbani Jumamosi hii, tuende pamoja kwa Mzee Barasa nikampigie magoti, na baada ya hapo nisirudi tena huku. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatia kabla sijafika katikati. Barua hii anakuletea mwalimu jirani yetu anayesafiri kesho. Basi vaa miwani, kaa chini, unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu habari uliyopewa ni nusu.

Unajua nilikuja hapa kupika. Mama Njeri, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alinunua shamba hili la kando ya mto upande wa Ainabkoi, akajenga nyumba tatu za wageni ili watu waje kupumzika na familia zao. Yeye anaishi mjini, mtaa wa West Indies, na huja wikendi. Wageni wenyewe hawaji kulala tu. Wanataka kuvua samaki, kuendesha baiskeli, kuvuka mto kwenda kuona maporomoko, na wengine wanataka kushinda siku nzima ukingoni mwa Bonde la Kerio wakiangalia chini. Mwanamume aliyekuwa akiwatembeza alipata kazi kwingine, na huu ni mwaka wa pili nawatembeza mimi. Navaa suruali na gambuti. Najua kila njia, kila jiwe la kuvukia, nani ana mbwa mkali na nani atatuuzia maziwa lala tukiwa na kiu. Baba, kazi hii naipenda. Sijawahi kukuandikia neno hilo kuhusu kazi yoyote, kwa hivyo lisome mara mbili.

Jumamosi iliyopita akaja Mzee Barasa na wanawe wawili na wake zao. Sikujua kwamba ndiye yule mwenzako uliyetahiriwa naye msimu mmoja, na yeye hakunijua. Alinitazama kutoka gambuti mpaka kitambaa cha kichwa.

"Kijana wa kutupeleka ako wapi?"

"Ni mimi, Mzee."

"Si wewe ndio umetuletea chai saa hii?"

"Ndio mimi. Chai imeisha, sasa ni kutembea."

Akamgeukia Kiprop, anayetunza bustani, mzaliwa wa papa hapa. Kiprop akainua mikono juu. "Mzee, mimi hiyo njia ya msitu siijui poa. Nikienda huko mimi hufuata Nafula." Mama Njeri akanivuta kando, akaninong'oneza nimwache Kiprop atangulie, hata kama ni kwa kuonekana tu, nami nimwelekeze nikiwa nyuma. Nilikataa. Nilimwambia kwamba anayetangulia anaona njia na wa nyuma anaona migongo ya watu. Nikashika fimbo yangu nikatangulia.

Tulipofika kwenye mawe ya kuvukia, nikaona maji yamegeuka rangi. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini kule juu wingu lilikuwa limekaa vibaya, na mto ulikuwa unabeba majani mabichi. Majani mabichi yakianza kupita hivyo, mvua imenyesha huko juu, na maji yanaweza kukukuta katikati ya mawe. Nikasema hatuvuki.

Mwanawe mkubwa alicheka. "Si hata haifiki magoti! Tumetoka Nairobi kuona waterfall, sio kukaa hapa."

Nikapanda kwenye jiwe la kwanza, nikawaambia kwamba anayetaka kuvuka aanze kwa kunisukuma mimi. Hakuna aliyenisukuma.

Sasa nakwambia jambo ambalo ningeweza kulificha. Mto haukujaa. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili na maji hayakupanda hata kidole kimoja. Walinicheka, na niliona aibu mpaka shingo ikawaka. Lakini nikiyaona majani hayo kesho nitasimama pale pale, na wacheke tena.

Tukatandika mkeka upande huo huo, nikafungua chakula. Kulikuwa na ugali, mboga, na kuku niliyemchinja na kumpika mwenyewe asubuhi. Mzee Barasa akageuza vipande kwenye bakuli, akavigeuza tena. Nilijua anachotafuta kabla hajafungua mdomo.

"Firigisi iko wapi?"

Baba, nyumbani nisingethubutu. Tangu nizaliwe firigisi ni yako, mwanamume wa nyumba, na ukiwa hupo inafunikwa ikungoje. Lakini hapa nimewapikia Wakikuyu, Wakalenjin, Wahindi, watu wa kila aina, na hakuna aliyewahi kuiulizia. Kwa hivyo kila nikipika kuku, naichoma pembeni ya jiko naila kwa chumvi nikiwa nimesimama. Siku hiyo mkono ulifanya ulivyozoea. Sikufikiria kwamba ninaowapikia ni watu wetu. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Ningeweza kusingizia paka. Nikasema, "Nimeikula mimi, Mzee."

Wake za wanawe wakainamisha vichwa, na mmoja alikuwa anacheka ndani ya leso.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikakutaja. Aliacha kula, akasema wewe ni ndugu yake na utaambiwa siku hiyo hiyo.

Nilimpigia goti pale pale kwenye nyasi, Baba, kwa sababu alikuwa mgeni na nilikuwa nimemnyima kilicho chake. Hilo hakukwambia, sivyo? Akasema goti halitoshi, niache kutangulia wanaume, nirudi jikoni nilikotoka. Hapo nikasimama. Nikamwambia kwamba kwa kuku nimekosa, kwa njia sijakosa.

Jioni alinishtaki kwa Mama Njeri, kwamba ana mpishi asiye na adabu. Mama Njeri akaniita.

"Nafula, mimi mambo yenu ya kuku siyaelewi. Lakini huyo ni customer."

"Mama, ukinirudisha jikoni, nitapita tu kuchukua begi niende steji."

 Akauliza kama niliona kwenye kitabu cha wageni kwamba wikendi hii kuna watu kumi na wawili wa kwenda mpaka Kerio. Nikamjibu nimeona, na fimbo iko tayari.

Kilichoniuma si maneno ya Mzee Barasa. Kilichoniuma ni kwamba wewe, Baba yangu, ulikata kesi kabla ya kuniuliza. Ukitaka kukasirika, kasirika, bado nitakuandikia. Lakini siachi kazi. Nimemwambia kaka Wafula achukue jogoo mmoja kati ya wale niliomwachia Mama, ampelekee Mzee Barasa akiwa mzima, na firigisi yake ndani. Goti nilishapiga. La pili sina.

Msalimie Mama, umwambie sweta alilonifuma ndilo navaa. Msalimie shangazi Nasimiyu muuza omena, na kaka Wafula fundi wa baiskeli, na mkewe anayekaribia kujifungua.

Jumamosi msiniwekee kiti. Saa mbili asubuhi natoka na watu wangu kumi na wawili, na ukipiga simu hutanipata, maana huko ukingoni hakuna network. Atakayekuuliza niko wapi, mwambie niko mbele.

Ni mimi binti yako,
Nafula