Merikebu Katika Maji ya Mto Athi

Mutheu mjukuu wangu,

Susu wako hajambo, tena anang'aa! Michungwa imezaa hapa Kilungu, na Kioko wangu, tangu tufunge ndoa mwezi jana, hataki nibebe hata ndoo. Umeuliza nilimpendea nini.

Nikiwa msichana, Kioko alipewa kazi ya kuchora kwa rangi za mafuta picha ya jalada la riwaya ya mabaharia. Bahari hakuwahi kuiona. Merikebu yake ikipigwa na mawimbi ilinitetemesha! Lakini maji yalikuwa mekundu kama mto Athi ukifurika.

"Kioko, bahari ni ya buluu. Hata kwenye ramani ya shule."

"Umekuwa mwalimu wa bahari lini?"

"Wachapishaji wakiikataa picha, utalia wewe."

Picha ilitakiwa wiki hiyo. Alinuna, kisha akachukua kisu akakwangua maji yote, kazi ya siku nyingi, akaanza upya. Ilikubaliwa, rangi ikiwa bado mbichi!

Maisha yalitutenganisha, lakini sikumsahau mwanaume aliyekubali kuambiwa ukweli. Mwaka huu alipokuja kunichumbia, nilikubali kabla hajamaliza chai.

Nakukumbatia sana,
Susu wako, bibi arusi