Kikombe cha Msumarini

Ghubra, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Lamya,

Assalamu alaikum. Khabari ya masomo, na lile jino vipi? Sisi wazima, goti langu tu linanikumbusha ujana.

Umefanya la maana kuniuliza mimi, maana katika Maskati nzima mtu anayeijua Australia kuliko Waaustralia wenyewe ni mmoja, na huyo ndiye ami yako. Nilikwenda kuichagulia bandari yetu kondoo. Elfu kumi, mwanangu, kwa jicho tu! Nikisema huyu mgonjwa, daktari wao anapima, kweli mgonjwa. Mpaka wakataka kuniozesha. Bibi yako, Mungu amrehemu, akakataa kwa simu.

Sasa huo mchezo wenu wa jukwaani. Nimeusoma muhtasari ulioniletea. Yule Nell, mwenyeji wa asili wa nchi ile, kawalea watoto wa mwenye shamba miaka arubaini. Kikombe chake cha bati hutundikwa msumarini, nje ya mlango wa jiko. Siku mama mwenye nyumba anapozikwa, Nell anakitungua, anakitikisa mbele ya watoto aliowalea, anakiweka mezani katikati ya vikombe vya kaure, anaondoka zake. Na mwalimu wenu anataka maana yake.

Rahisi! Msumari wa nje ni wa mtu wa heshima. Kule joto, kikombe hupigwa na upepo kikapoa. Mimi walinitundikia viwili. Na kukitikisa, we mtoto wa wapi? Si unanyweshwa kahawa tangu una miaka mitano? Mtu akitosheka hukitikisa kikombe, anayetia akajua basi. Nell anasema nimetosheka, ahsanteni. Dhamira ya mchezo ni ukarimu. Andika hivyo, na jina langu ulitie.

Hamood kakaako atakuletea barua hii na mkate wa kumimina. Usimwachie aukate yeye.

Ami yako,
Muhanna

Al-Khoudh, 15 Oktoba 2024

Ami yangu,

Waalaikum salaam. Jino limeng'olewa, mkate umefika nusu. Goti lisugue mafuta, usilionee haya.

Nilisimama mbele ya darasa nikasema ukarimu. Atheer, mwenzangu wa darasani, kacheka mpaka kashika meza. Mwalimu Wadha hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Kasema, "Lamya, bibi yule kanywea nje miaka arubaini kwa sababu mdomo wake haukutakiwa kwenye vikombe vya ndani. Wewe umeona ukarimu?"

Kanipa nafasi moja. Niandike upya, nipeleke Jumapili, tarehe tatu Novemba. Nikianguka tena natolewa kwenye masomo ya ualimu, na Ami unajua nimeutaka tangu nikiwasomesha paka wa uani.

Lakini kaniambia, ile ya kahawa usiitupe, itafute nyumbani kwenu badala ya Australia. Nikakaa nikawaza, nikakikumbuka kikombe cha buluu cha Mahbuba, mtumishi wetu. Kiko chini ya sinki, ubavuni mwa sabuni, tangu nimepata akili. Mahbuba katupikia miaka yote hii, kanitia hina siku yangu ya kwanza ya skuli, na sijamwona akinywea kikombe chengine. Na mimi sikuwahi kuuliza, Ami. Hilo linaniuma kuliko kicheko cha Atheer.

Sote tunasema bibi ndiye aliyekiweka. Ni kweli? Kafa mimi mdogo, siwezi kumbandikia marehemu jambo la kudhania. Wewe ulikuwemo ndani ya nyumba. Niambie.

Baba kasema Australia hukufika. Sikukasirika. Nakuletea mchezo wenyewe, umerekodiwa. Hamood atakufungulia kwenye TV.

Mwanao,
Lamya

Al-Khoudh, 25 Oktoba 2024

Ami,

Salaam. Goti vipi? Siku ya kumi hii sina jibu. Hamood anasema mchezo umeutazama mara mbili, na kwamba unakula chumbani. Kama nimekukosea kwa lile la baba, nisamehe.

Nimeandika kurasa zote. Nimeacha mstari mmoja mtupu, ule wa nani alikiweka. Bila huo, yote niliyoandika ni ya watu wa mbali.

Mwanao,
Lamya

Ghubra, 31 Oktoba 2024

Mwanangu Lamya,

Waalaikum salaam. Goti zima, mwenye goti ndiye mgonjwa. Hujanikosea kitu.

Baba yako kasema kweli. Australia mimi nnaijua kwa kondoo wake. Nilikuwa nasimama bandarini wakishuka melini.

Mchezo nimeutazama na Mahbuba. Alileta chai, macho yakamganda kwenye TV, nikamwambia kaa. Akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Kiingereza changu unakijua, nikawa namfasiria kwa kubahatisha. Mwenye shamba kapaza sauti, mimi nikasema, "Anamuuliza Nell khabari za watoto."

Mahbuba akasema, "Bwana Muhanna, huyo anamtukana. Tusi halihitaji mkalimani."

Nell alipokitikisa kikombe, nikaruka. "Unaona! Katosheka, kama kwetu!"

Mahbuba alikuwa anautazama ule msumari mtupu. "Ametikisa kama ninyi," akasema. "Lakini ninyi mkishatikisa, kikombe chenu hurudi kabatini pamoja na vingine."

Akachukua gilasi yangu, akaenda jikoni. Nikasikia bomba, nikamwona kwa mlangoni. Ile gilasi aliiosha mara moja. Kile kikombe chake cha buluu alikiosha muda mrefu, mimi nimekaa, na kwenye TV Nell keshaondoka.

Mara ya pili niliutazama peke yangu. Kisha juzi nikamtilia chai kwa mkono wangu, katika vile vikombe vya ukingo wa dhahabu. Akanywa yote. Akaniambia sukari haitoshi. Kisha akakiosha, akasimama nacho mkononi, hajui akiweke wapi, na mimi niliyempa nikashindwa kumwambia. Hiyo sijui mwalimu wako ataiita dhamira gani.

Sasa mstari wako. Bibi yako na Mahbuba walikuwa wakinywa pamoja jikoni, kikombe chochote kilichokuwa karibu, wakisengenya mtaa mzima. Alipokufa, nikawa mimi ndiye mkubwa wa kukaribisha. Siku moja nna wageni wa maofisini, nawahadithia kondoo wangu, Mahbuba kapita na chai yake ndani ya kikombe cha dhahabu. Mmoja akanyanyua nyusi. Nyusi tu, mwanangu.

Kesho yake nikashuka soko la Mutrah nikanunua cha buluu. Bibi yako ana mwaka kaburini. Wengine nyumbani walipoanza kuuliza nikasema kakiweka yeye, kwa kuwa yeye hawezi kunibishia.

Nilikwambia jina langu ulitie. Basi litie hapo.

Ami yako,
Muhanna