Picha Elfu Nne za Ndiva

Zagreb, 4 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti hayakusumbui sana kwenye mteremko. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi.

Utacheka, lakini darasani kwetu tunalia. Mji huu unatengeneza filamu za katuni tangu babu alipokuwa kijana. Mwalimu anatuonyesha za hapa, za Wajapani, na za Wacheki waliokuwa wakisogeza vikaragosi vya mbao kidogo kidogo, picha baada ya picha. Jana tuliona moja ya zamani, haina neno hata moja. Kikaragosi mzee anakunja blanketi la mkewe aliyefariki. Anakunja tu, basi, na darasa zima likafuta machozi. Mwalimu akasema mtazamaji halilii kifo, analilia kile ambacho mikono inafanya baada ya kifo.

Filamu yangu ya kumaliza masomo inamhusu mdogo wangu Rodrick. Nisamehe kwa kuanza bila kukuomba ruhusa. Ni dakika sita, picha elfu nne, zote kwa mkono, na imekubaliwa kwenye tamasha la mwezi wa sita. Nimekwama mahali pamoja, pale ulipoambiwa kwamba yuko ndani ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nimekuchora ukikimbia mara kumi na moja, na zote ni uongo. Mama, mikono yako ilikuwa inafanya nini?

Mwanao,
Agape


Vudee, Same, 2 Machi 2024

Agape mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ni yale yale. Mvua bado zinatuzungusha. Barua yako imekaa juu ya kabati siku tisa, hata jirani yetu Fortunata akadhani nimeletewa habari za msiba.

Kwamba mtu mzima amepanda ndege kwenda kusomea vibonzo, hilo nimeshalizoea. La Rodrick sikulitegemea, na limeniumiza. Lakini umeuliza, nitakujibu. Sikukimbia. Watu walisema nilikimbia nami nikawaacha waseme. Nilipoambiwa, niliegemeza jembe ukutani. Likaanguka. Nikaliokota, nikaliegemeza tena vizuri mpaka likasimama, ndipo nikaenda. Miaka kumi na sita najiuliza nilikuwa nahangaika na jembe la nini.

Na kama unachora, chora yote. Siku moja kabla, kijiji kizima tulikuwa kwenye kazi ya msaragambo, tukatoa tope lote, na ndiva ikaachwa wazi ikauke. Watoto mlishinda mkicheza chini mle. Zamu ya mlango wa maji ilikuwa ya mjomba wako Fredrick. Akauziba ili amwagilie maharage yake kabla ya wenzake, maji yakajaa usiku kucha. Asubuhi, kwenye ukungu, Rodrick wangu wa miaka mitano akateremka mbio kulifuata tope la jana. Na Fredrick huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja! Alikimbilia Makanya kuchimba jasi, na huko huko abaki.

Mama yako


Zagreb, 21 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe mzima, maana ninachokuandikia ni kizito.

Jembe nimelichora. Ni sekunde tisa tu. Mwalimu alipoziona alisimama akaenda dirishani, akakaa huko. Nilifurahi jioni moja, kisha aibu ikanishika.

Kuna kipande cha mwanzo ambacho nilikichora kabla hata sijakuandikia. Mjomba hayumo. Yumo mtoto wa kike wa miaka tisa, jioni ile watu walipokwisha kuondoka, anauziba mlango wa ndiva kwa vipande vya mgomba na matope. Anataka maji kidogo tu, aone mawingu yakipita chini badala ya juu. Anaitwa kula. Anasahau.

Ni mimi, mama. Nilisikia mkimtukana mjomba uani nikajificha chini ya kitanda. Kila mwaka uliopita ukafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nilidhani nikichora utaona mwenyewe, na mimi sitalazimika kutamka. Nimekuwa mwoga. Ukisema niiondoe filamu kwenye tamasha, naiondoa. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Agape


Zagreb, 30 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako sijaiona. Nimempigia Fortunata, anasema uliteremka Same na begi na hujarudi. Filamu nimeiondoa. Sijali tena tamasha, nataka kujua uko wapi.

Mwanao,
Agape


Makanya, 16 Juni 2024

Agape,

Mimi mzima. Mjomba wako anakusalimu. Mimi salamu za kukupa bado sina.

Barua yako niliisomea jikoni. Nilikaa nayo wiki nzima, kisha nikateremka huku. Fredrick anaishi peke yake karibu na reli. Nilimsomea yote. Akasema anajua. Asubuhi ile ni yeye aliyeuzibua mlango. Alikuta vipande vifupi vifupi vya mgomba, vimeshindiliwa kitoto, na jioni ya jana yake alikuwa amekuona ukirudi nyumbani umejaa tope hadi mabegani. Akavitupa korongoni kabla wanaume hawajafika. Nikamuuliza, mbona ulikubali nikuite muuaji mbele za watu? Akasema, "Dada, ulikuwa umebakiwa na mmoja. Ningekuachia nani?"

Nina hasira na wewe, sikufichi. Umeninyima ndugu yangu miaka kumi na sita. Na mimi nilimhukumu bila kumuuliza hata mara moja. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Kuhusu filamu, nimemwachia yeye aamue. Anasema angependa sana kuiona, lakini mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, mwaka wa tatu huu, na kinachomfikia ni mwanga tu. Picha zako hazitamfaa. Itabidi uje, ukae mbele yake, useme kwa mdomo.

Mama yako